Nawafungia Majirani Milango Ili Wangu Usifungwe

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie, na kama inawezekana unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Jina langu nakuomba usilitoe kabisa, kwa sababu mke wangu husoma ukurasa wako. Yeye ni dobi, anafua na kupiga pasi nguo za watu, na wateja wengi huleta nguo zimeviringishwa kwenye gazeti, basi kabla hajagusa nguo hulinyoosha gazeti kwanza na kukutafuta wewe, akishamaliza kukusoma ndipo analitandika mezani. Wiki iliyopita alisema huyu mshauri hana simile, akacheka, na mimi nikacheka naye.

Mimi ni fundi wa makomeo, vitasa na kufuli. Zamani nilikuwa na kibanda changu kando ya barabara na mashine ya kuchomelea, natengeneza milango na madirisha ya chuma, na watu walikuwa wananijua, lakini barabara ikapanuliwa, kibanda kikaenda na tingatinga, mashine nikaihamishia uwanjani kwetu na haikumaliza mwezi koili ikaungua, nikaipeleka kwa fundi wa koili akaisuka, ikaungua tena, na hapo ndipo kodi ya nyumba ilipoanza kunipita. Nyumba tunayopanga ina vyumba sita vinavyotazama uwanja mmoja. Kimoja ni kitupu tangu muuza viatu ahame. Kingine ni cha mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani, sisi sote tunamwita Mama Cherehani, na kinachofuata ni cha kinyozi, halafu mwalimu wa chekechea na watoto wake wawili, halafu mlinzi anayelinda ghala usiku na kulala mchana. Chetu ni cha mbele kabisa. Zamani kilikuwa duka, ndiyo maana mlango wake ni mpana wa pande mbili, ule wa kufungua kulia na kushoto, na mke wangu anaupenda mno kwa sababu akiufungua wote meza yake ya pasi inapata hewa.

Nilipofikisha miezi minne sijalipa, mwenye nyumba akaniita kwake. Nilikwenda nimejiandaa kwa matusi, nikashangaa ananipa kiti, ananiletea soda, anauliza hali ya mtoto. Mzee huyu ana nyumba tatu mtaani na wapangaji wake wote wanamdai huruma, yaani ndivyo anavyosema mwenyewe, kwamba yeye anawadai kodi na wao wanamdai huruma. Akaniambia yeye hapendi kelele wala hapendi kuita watu wa kutupa vitu nje, kwa sababu vitu vikitupwa nje watu hukusanyika na yeye huonekana mbaya. Anachotaka ni fundi wa kimyakimya. Mpangaji akitoka kwenda kazini saa nne asubuhi, fundi anapiga komeo jipya juu ya kitasa cha zamani, anatia kufuli, anaondoka, mpangaji akirudi anaukuta mlango wake umefungwa na vitu vyake vyote vimo ndani. "Mlango mmoja, mwezi mmoja," akasema. "Ukifunga mmoja nafuta mwezi wako mmoja. Wewe fundi si mtu wa kufukuzwa, wewe ni mtu wa kazi."

Hatukuandikiana, tuliaminiana kwa mdomo. Nikaanza na nyumba zake zile mbili nyingine, ambako sijui mtu na mtu hanijui, na siwezi kukudanganya, mara ya kwanza nilipoteza skrubu mbili, ila mara ya tatu nilikuwa napiga mluzi. Watu wengi walikwenda kukopa wakalipa, kufuli likatolewa, nikajiambia kumbe ni dawa tu, chungu lakini inatibu. Wengine hawakurudi tena na vitu vyao sijui vilikwenda wapi, na sikuuliza.

Sasa kuna kawaida moja ya sisi mafundi wa kufuli ambayo lazima nikueleze, kwa sababu ndiyo inayoniua. Kufuli jipya huja na funguo tatu. Mbili unamkabidhi mwenye kazi, wa tatu unabaki nao mwenyewe mpaka akulipe, siku ya kukulipa ndipo unampa. Ndivyo nilivyofundishwa na aliyenifundisha, na ndivyo wanavyofanya wenzangu wote. Mimi mwenye nyumba hajawahi kunilipa hata senti, analipa kwa kufuta miezi mdomoni mwake, kwa hiyo kila kufuli nililofunga nimebaki na ufunguo wake mmoja. Zimo kumi na nne, nimezitia kwenye kopo la maziwa, liko juu ya kabati nyuma ya sanduku la nyundo.

Mke wangu hajui lolote kati ya haya. Kila mwisho wa mwezi ananihesabia nusu ya kodi kutoka kwenye pesa zake za pasi, mimi nazipokea, natoka kama mtu anayepeleka, nazunguka mtaa na kurudi. Nyingine zilikwenda kwenye koili na nyingine nimekula tu, siwezi kusema nilizifanyia kitu cha maana. Yeye hutembea kifua mbele, huwaambia majirani kwamba sisi wengine hatuna kikubwa lakini hatudaiwi. Nikimsikia hivyo natafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.

Mwezi uliopita zamu ikafika uwanjani kwetu. Mwenye nyumba aliniambia Mama Cherehani ana miezi miwili. Nikamwambia mzee, yule mama ni kama mama yetu, sare ya kwanza ya shule ya mtoto wangu aliishona yeye na hakuchukua hela, na kodi yake anayo, ameshakata sare thelathini za watoto wa watu, shule zikifunguliwa wiki mbili zijazo wazazi watachukua sare na kumlipa siku moja. Akanisikiliza vizuri, akanimalizia soda yangu, akaniambia maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kama siwezi, akasema, miezi yangu yote inarudi kama ilivyokuwa, na wapangaji wa nyumba zote tatu watajua ni mkono wa nani uliowafungia.

Nikafunga. Alikwenda sokoni kununua vifungo, mke wangu alikuwa amekwenda na mtoto kupeleka nguo kwa wateja, kinyozi kazini, mwalimu na wanawe hawapo. Yule mlinzi akashtuka na kelele za nyundo, akaita kutoka chumbani kwake bila kufungua mlango, akanipa pole ya kazi, akidhani natengeneza kwangu. Nikamjibu asante mzee, endelea kupumzika. Ilinichukua kama robo saa. Chini ya kizingiti palikuwa na kipande cha uzi mwekundu, nikakiokota nikakifunga kwenye ule ufunguo wa tatu ili nisije nikauchanganya na nyingine.

Aliporudi akalitikisa lile kufuli, halafu akafanya jambo ambalo hata adui yangu simwombei. Alikuja kwangu. Akanishika mkono akanipeleka mlangoni mwake. "Mwanangu," akasema, "wewe ndiye fundi wetu. Hebu niangalizie hili kufuli, dawa zangu zimo ndani."

Mama huyu ana presha, dawa zake huziweka kwenye droo ya cherehani. Mshauri, nilichuchumaa. Nilishika kazi ya mikono yangu mwenyewe, nikaigeuzageuza kama mtu anayeiona mara ya kwanza, ufunguo umo mfukoni unanigusa paja, nikamwambia mama, hili ni kufuli gumu, na ukilivunja mwenye nyumba atakupeleka kwenye kesi. Akasema basi, akasema nisijisumbue. Akakaa kwenye kigoda nje na mfuko wake wa vifungo.

Mke wangu alimchukua akalala kwetu pamoja na mtoto. Kesho yake alikwenda kwa mwenye nyumba kuomba walau afunguliwe atoe dawa na cherehani, akaambiwa alete hela zote ndipo aongee. Mke wangu akamwambia twende tukanunue dawa nyingine, yeye akakataa, akasema mwanangu hela yako ni ya kodi, usije nawe ukafungiwa kwa ajili yangu. Nilikuwapo wakati anasema. Siku ya tatu asubuhi, ananawa uso, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia hauna kazi na ulimi umekuwa mzito, na mkono wa kulia ndio wa kushonea.

Sasa yuko hospitali wiki ya tatu. Mke wangu anampelekea uji kila siku kabla hajaanza pasi. Shule zimefunguliwa, wazazi walikuja uwanjani kudai vitambaa vyao, wakapiga kelele mbele ya mlango uliofungwa, wakaondoka. Jumapili nilishindwa kukataa nikaenda naye hospitali. Yule mama aliponiona alinyanyua mkono wake mzima, wa kushoto, akawa anaugeuza hewani hivi, kama mtu anayezungusha ufunguo. Mke wangu akalia, akasema masikini, anaomba chumba chake. Mimi sijui anaomba nini. Sijui kama ananiambia anajua. Nilitoka nikasema naenda kutafuta maji ya kunywa.

Na kila jioni kabla ya kula mke wangu anaomba, na siku hizi dua yake ni moja, kwamba yeyote aliyeufunga mlango ule mikono yake isishike kitu tena chenye faida. Mtoto anaitikia amina. Na mimi naitikia amina.

Sasa nafika kwenye shida yenyewe. Juzi mwenye nyumba ameniita tena. Ameniagiza makomeo manne ya Jumamosi. Mwalimu ana miezi miwili, kinyozi ana miezi miwili na nusu, mlinzi mitatu. Nikamuuliza huyu mlinzi nitamfungiaje wakati mchana yuko ndani amelala, akajibu bila hata kunitazama kwamba nifunge hivyo hivyo, akiamka atakuwa na akili ya kulipa. Komeo la nne amesema liwe refu kuliko mengine, karibu mara mbili, sikumuuliza la nini, nadhani ni la ghala lake au kwake nyumbani, yeye ni mtu wa kujenga kila siku. Wiki iliyopita tu alileta watu wawili na futi wakapima uwanja wetu kutoka ukuta hadi ukuta, na choo, na chumba kile kitupu, akasema wanataka kupitisha bomba la maji. Ameniahidi nikimaliza hayo manne anafuta miezi yangu yote iliyobaki, mimi na yeye tunakuwa hatudaiani. Miezi iliyobaki ni mitano, maana mwaka na zaidi umepita na kila mwezi mpya unaongezeka, na ndani ya mitano hiyo ipo ambayo mke wangu alishaitoa nusu.

Nikifunga, nitaishi vipi uwanjani pale. Nisipofunga, mwisho wa wiki mke wangu na mtoto wako nje na meza ya pasi, na kila mtu atajua. Nimefikiria kukimbia, nimefikiria kuwafungia mwalimu na kinyozi peke yao na kumwacha mlinzi, nimefikiria hata kumfungulia Mama Cherehani mlango kwa siri, lakini mwenye nyumba akiona kufuli limefunguliwa bila kuvunjwa atajua ni nani. Makomeo matatu nimeshayakata. Usingizi sina. Nifanye nini, mshauri, na nakuomba usinitukane sana, nimeshajitukana.

Fundi wa kufuli

JIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa na ya pili nimesimama. Kutukanwa hutatukanwa, nafasi ya ukurasa haitoshi.

Kwanza nikupe haki yako. Kodi inaweza kumgeuza mtu mnyama. Najua, kwa sababu nimepanga vyumba kumi na kimoja maishani mwangu, na kwenye cha saba nilirudi nikakuta kufuli la mtu mwingine mlangoni, nikasimama pale na mfuko wa unga mkononi nikijifanya nasubiri mgeni ili wapita njia wasijue. Kwa hiyo usidhani nakusikiliza kutoka juu. Kukosa miezi minne si dhambi. Kibanda kuvunjwa si dhambi. Ungekuja kwangu siku ile na miezi yako minne ningekupa pole na ushauri wa nusu ukurasa, tukamalizana.

Lakini mama mtu mzima alikuomba ufunguo uliokuwa mfukoni mwako, ukamwambia kufuli ni gumu. Hapo sina pole ya kukupa. Usinieleze kwamba ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakuchuchumaa pale, ulichuchumaa wewe. Na yule mama, wakati wewe unalinda chumba chako, yeye alikataa kununuliwa dawa ili kodi yako isipungue. Yeye alikilinda chumba chako kuliko ulivyokilinda wewe uliyekula hela ya mkeo. Hilo utalibeba na mimi siwezi kukupokea mzigo.

Haya, sasa tuongee kama watu wazima, maana muda hatuna. Wewe ni fundi, lakini hesabu imekushinda, au umeikimbia. Uwanja wenu una vyumba sita. Kimoja kitupu. Kimoja umeshakifunga. Vimebaki vingapi? Vinne. Umeagizwa makomeo mangapi? Manne. Na la nne liwe refu, karibu mara mbili. Fundi, kazi yako yote ni milango. Ni mlango gani pale kwenu ni wa pande mbili?

Bomba la maji halipimwi kutoka ukuta hadi ukuta, wala kwa ajili ya bomba mtu hapimi choo na chumba kitupu. Anayepima hivyo ananunua. Siwezi kuapa, sikuwapo, lakini mtu anayetaka nyumba tupu hana haja ya mpangaji yeyote, hata mpangaji anayepiga nyundo vizuri. Watatu utawafungia wewe asubuhi. La nne atalipiga fundi mwingine mchana, naye atakuwa na miezi yake aliyoahidiwa kufutiwa. Hiyo miezi yako imefutwa wapi? Kwenye karatasi gani? Mdomoni mwake. Basi siku akitaka, mdomo ule ule utaihesabu yote upya. Mchimba kaburi umepewa vipimo vya kaburi lako mwenyewe na bado unasema labda ni la ghala.

Kwa hiyo lile swali lako la nifunge au nisifunge limekwisha. Ukifunga unafukuzwa, usipofunga unafukuzwa. Kilichobaki ni kuchagua utafukuzwa ukiwa na majirani au ukiwa peke yako.

Hilo la mlinzi nalisema peke yake ili ulione vizuri. Kumfungia mtu aliyelala ndani ya chumba chake si mambo ya kodi tena. Akipatwa na moto, akipatwa na ugonjwa, umeua. Leo hii mgongee mlango akiamka, umwambie ulichoagizwa. Mtu aliyekupa pole ya kazi siku ile hawezi kulala Jumamosi bila kujua.

Yale makomeo matatu usiyapeleke kwa mwenye nyumba, wala usiyafiche. Yaweke. Ni ushahidi, pamoja na kopo lako. Kawaida ya ufundi wenu inasema ufunguo wa tatu ni wa fundi mpaka alipwe, na wewe hujalipwa, basi usimwogope mtu kwa kuwa nao. Lakini usifungue mlango wa Mama Cherehani kwa kunyata. Umefanya mengi ya kunyata, yametosha. Kesho Ijumaa asubuhi, mwalimu, kinyozi, mlinzi, wewe na mkeo, nendeni wote ofisi ya mtaa na hilo kopo. Utasema mbele yao wote ni milango mingapi umefunga, nyumba zipi, kwa malipo gani, na utaomba mtu wa ofisi aje ashuhudie mlango ukifunguliwa. Toeni dawa, toeni cherehani, toeni sare, mwandike kila kilichomo. Kisha mwulizeni huyo wa ofisi, nyote mkiwepo, mwenye nyumba wenu anaruhusiwa kuwaondoa kwa utaratibu gani na kwa notisi ya muda gani. Sheria za huko kwenu mimi sizijui na sitakudanganya, ila sijasikia pahali ambapo utaratibu ni nyundo saa nne asubuhi.

Wakikuambia utashtakiwa nawe, kubali. Majirani wakikutemea mate, jifute. Kinyozi akikupiga kofi, hesabu kwamba umepunguziwa deni. Usianze kueleza habari za koili. Kodi mnayodaiwa bado mtadaiwa, na nyumba huenda mkaipoteza nyote, sitaki kukutia matumaini ya uongo. Lakini watu watano waliosimama pamoja wanaweza kuomba mwezi mmoja wa kutafuta pa kwenda. Mtu mmoja mwenye kopo la funguo hapati hata siku.

Zile sare, vitambaa vimeshakatwa. Tafuteni mtu mwenye mkono wa cherehani azimalizie, wazazi walipe, hela iende hospitali. Na wewe uwe unakwenda hospitali kila siku, na ule uji uubebe wewe. Akiugeuza tena ule mkono wake, usitoke kutafuta maji. Mwambie mama, ufunguo ulikuwa kwangu. Pengine anajua, pengine hajui. Vyovyote vile, hilo ni deni unalodaiwa na yeye, si na mimi, na halifutwi kwa mdomo wa mwenye nyumba.

Sasa habari ya mkeo. Leo gazeti limetoka, ni Alhamisi, Jumamosi ni keshokutwa. Uliniomba nisitoe jina lako na sijalitoa. Ila kitu kingine chochote sijakibadilisha. Kwa kawaida huwa nabadilisha, dobi namfanya muuza mboga, kufuli nalifanya dirisha, lakini safari hii kuna mtu atalala ndani ya chumba Jumamosi, na kuna watoto wawili wa mwalimu, nikaona aibu yako si kubwa kuliko hao. Kwa hiyo ukiyasoma haya uko kazini au umekaa mahali unafikiri, inuka. Nenda nyumbani sasa hivi, umwambie mwenyewe kabla mteja wa kwanza hajaleta nguo. Na jioni akiomba ile dua yake, usiitikie amina. Mwambie ni mimi.

Na kama umechelewa, basi naongea na wewe mama. Umelinyoosha gazeti, umefika hapa, na umeshajua ninayemzungumzia. Pole sana mwenzangu. Nusu ya kodi uliitoa kwa haki na hukumdhulumu mtu, kaa nalo hilo kifuani usilitoe. Kulia utalia, lakini kwanza zima pasi. Kopo la maziwa liko juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nyundo. Ufunguo wa Mama Cherehani ndio wenye uzi mwekundu.